Ndiyo ya Tatu

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimeamua. Sitaki DJ.

Sababu ninayo. Juzi tulikuwa kwenye ndoa ya Gloire, binti wa jirani. Bibi-arusi anaingia, kavaa vizuri, watu wote wamesimama — DJ anapiga wimbo wa maziko! Ule wa kusindikiza jeneza! Nyanya yake akaanza kulia kwelikweli, na hakuna aliyeweza kumnyamazisha. DJ akasema alikosea mstari. Mstari mmoja tu. Nyanya mpaka leo ana macho mekundu.

Ndoa yangu haitakuwa vile. Tunapeleka mali, yaani mahari, tarehe 16, nyumbani kwa kina Mignonne, mchumba wangu, hapa hapa Kapata, safu ya nyuma ya kanisa. Programu yote nitaiandika katika faili moja la kompyuta. Maandishi matupu, bila mapambo. Katikati ya maandishi nitaweka visanduku vya amri. Juu naandika "Bibi-arusi anaingia", chini yake kisanduku chenye amri ya kupiga wimbo wa kuingia. Kompyuta ikifika pale, inapiga wimbo huo na si mwingine. Programu ya kusoma na kazi ya kufanya vinakaa pamoja, havipotezani. Hivyo ndivyo ninavyotengeneza ripoti za wateja kule mjini, kwenye duka letu la kuchapa na kufotokopi, na patron Séraphin, mwenye duka, hajawahi kulalamika. Amelalamika mara moja.

Nimemweleza Mignonne. Alikuwa anashona. Hakusimamisha cherehani.

— Na miye niko mu kisanduku gani?

Nikamwambia hayumo kwenye kisanduku, yumo kwenye maandishi.

— Aa. Merci.

Sijui kama alicheka. Cherehani ilikuwa na kelele.

Jumatano, 6 Agosti

Faili linakwenda vizuri. Mpangilio nimeuandika kama wazee walivyoniambia. Tunafika na mali. Anasema msemaji wetu, Tata Kabemba. Mimi sisemi neno. Bwana-arusi anakaa kimya, mikono juu ya magoti, mpaka mwisho, kama sanamu ya kanisani. Halafu wanatolewa wanawake waliofunikwa vikwembe, vitambaa vya kitenge, mmoja mmoja, na watu wetu wanakataa: si huyu, si huyu. Kisha anatoka Mignonne mwenyewe. Baba yake mkubwa, Tata Ntambwe, atakayekuja kutoka Kasaji, anamwonyesha mali mbele ya watu wote na kumuuliza: unakubali tule, yaani tuipokee? Anamuuliza mara tatu. Akijibu ndiyo ya tatu, basi, ameolewa. Hapo bamama wanapiga mpundu, vigelegele mpaka mabati yanatetemeka.

Nimeweka visanduku vinne. Wimbo wa waliofunikwa. Wimbo wa kuingia. Mpundu. Na ujumbe wa simu kwa ndugu wote, wa mbali na wa karibu: "Ndoa imefungwa. Asanteni kwa maombi."

Mpundu imenitesa. Nilitaka kuirekodi safi, kwa sababu siku ya sherehe bamama huanza mapema ao huchelewa, kila mtu na saa yake. Nikaenda kwa shangazi yangu, Mama Angèle, mwenye sauti kuliko wote wa Kapata. Alikuwa anasonga bukari. Nikamshikia simu karibu na mdomo.

— Nipige mpundu juu ya nini? Nani alizala?

Hakuna aliyezaa, Mama.

— Nani alipata diplome?

Hakuna.

— Sasa mpundu itatoka wapi? Mpundu haiko mayi ya robine, ufungue tu itoke, mutoto.

Nikafikiri. Nikamwambia patron amenipa kiti kipya cha magurudumu.

— Cha kuzunguka?

Kinazunguka, Mama.

Loo! Alipiga mpundu mpaka mwiko ukaanguka! Majirani wawili wakaitikia juu ya ukuta bila kuuliza sababu. Rekodi ni safi kabisa. Kiti nilipewa kweli, ila ni mwaka jana.

Alhamisi, 7 Agosti

Aibu. Aibu tupu.

Leo kazini nilitaka kuchapa programu tu. Kuichapa! Kuweka wino kwenye karatasi! Nilisahau kwamba kabla ya kuchapa, kompyuta inalipitia faili lote kutoka juu hadi chini, na kila kisanduku inachokikuta inakiendesha. Haijui kama ni siku ya ndoa ao ni Alhamisi. Inaona kisanduku, inafanya.

Kwanza wimbo wa waliofunikwa, katika spika za duka. Kisha wimbo wa kuingia, juu yake. Kisha Mama Angèle na kiti chake. Mama mmoja aliyekuja kufotokopi cheti cha mtoto aliitikia mpundu pale pale na kumpa patron mkono: hongera, tata, hongera sana! Patron akasema asante. Halafu akaniangalia.

Na ujumbe ukaenda. Kwa wote.

Mama yangu akapiga kutoka Nzilo, analia: mtoto wake ameoa bila yeye, yeye amekosa nini? Tata Kabemba akapiga: yeye ndiye msemaji, sasa nani alisema? Wa mwisho Mignonne. Sauti yake tulivu.

— Mechack. Naona nilishaolewa.

Nikaanza kueleza.

— Hapana, niambie tu. Nilivala robe gani ya arusi?

Nikatuma haraka ujumbe wa pili kwa watu wale wale: "Ndoa haijafungwa. Samahani."

Hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko la kwanza. Jioni watu wakaanza kufika kunipa pole. Jirani mmoja ameleta sahani ya sombe, kisamvu cha moto, na kuiweka mezani polepole, kama kwa mfiwa. Ameniambia wanawake ni wengi.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimesoma maelezo asubuhi nzima. Dawa ipo, na ni rahisi. Pembeni ya kila kisanduku unaweza kuandika neno la kukitawala. Kuna neno la "usiendeshe kamwe". Kuna la "usiendeshe wakati wa kuchapa, ila nikikubonyeza mwenyewe, endesha". Na kuna la tatu, ninalolipenda: "uliza kwanza". Kompyuta ikifika kwenye kisanduku inasimama na kuuliza: niendeshe, ndiyo ao hapana? Na haisogei mpaka mtu ajibu.

Nimeandika "uliza kwanza" kwenye visanduku vyote vinne. Nimechapa tena: ikauliza, nikajibu hapana, hapana, hapana, hapana. Kimya. Karatasi ikatoka. Patron alikuwa amesimama nyuma yangu na kidole kwenye swichi ya spika.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya misa nimempelekea Mignonne programu iliyochapwa. Aliisoma yote, polepole, akipita na kidole kama anavyopita kwenye mshono. Kidole kikasimama.

— Hapa. "Mignonne anajibu: Ndiyo." Chini: "Mignonne anajibu: Ndiyo." Chini tena.

Nikasema ndiyo, ni mara tatu.

— Najua ni mara tatu. Nani alikuambia nitajibu vile?

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikamuuliza kama atajibu vingine.

— Sikusema nitajibu bingine. Nasema, nani alikuambia?

Swali gumu. Miaka miwili tuko pamoja, robe ameshona mwenyewe, kuku wamehesabiwa. Nilimjibu kwamba bila kuandika jibu, atakayekaa kwenye kompyuta hatajua asubiri nini.

— Anisubirie miye, akasema. Akakata uzi kwa meno.

Nimefuta hizo ndiyo kwenye karatasi za wageni. Kwenye faili nimeziacha. Ni kwa ajili ya mpangilio tu.

Jumatano, 13 Agosti

Bwana-arusi haruhusiwi kugusa kitu, kwa hiyo kompyuta itakuwa na Gracien. Rafiki yangu tangu shule ya msingi. Anachimba kule machimboni, ana vidole vizito, ukimwonyesha kitufe kimoja anabonyeza na jirani zake wote. Lakini ni mwaminifu. Ukimwambia kitu anafanya hicho hicho.

Tumefanya mazoezi. Kompyuta inauliza, anajibu. Ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Baada ya nusu saa akachoka.

— Ndugu yangu, hii mashine iko na woga. Kila kitu inaomba ruhusa. Kama shemeji mupya kwa bakwe.

Nikamweleza kwamba woga ndio ninaoutaka. Kuhusu mpundu nimempa agizo moja, nikamfanya alirudie: akisikia ndiyo ya tatu, anabonyeza.

— Nikisikia ndiyo ya tatu, nabonyeza.

Tena.

— Nikisikia ndiyo ya tatu, nabonyeza. Mechack, niko mutu muzima.

Niko tayari. Hakuna mwanya hata mmoja.

Ijumaa, 15 Agosti

Tata Ntambwe amefika kutoka Kasaji kwa pikipiki, mwekundu kwa vumbi toka kofia hadi viatu. Mzee mrefu, hana haraka. Tulikwenda kumsalimia. Walikwishamwambia habari ya kompyuta.

— Inafanya nini?

Tata Kabemba akamjibu kwamba inasaidia sherehe iende kwa utaratibu.

— Itauliza mutoto?

Hapana, tata, utamuuliza wewe.

— Itamujibia?

Hapana, tata!

— Bon. Basi ikae. Hata mbuzi itakuwa pale.

Nimelala vizuri mchana kwa mara ya kwanza wiki hii.

Jumapili, 17 Agosti

Naandika ya jana kwa mpangilio, ili nione nilikosea wapi.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Turubai la buluu, viti vya plastiki, bafle, spika yetu kubwa, jenereta nyuma ya nyumba. Mimi kwenye kiti changu, mikono juu ya magoti. Gracien kwenye meza ndogo, karibu na mbuzi wa mali. Mali imepangwa katikati: vikwembe, chumvi, sukari, majembe, kuku. Wimbo wa waliofunikwa ulianza pale pale ulipotakiwa. Watu wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Nilisikia nyuma yangu mtu akisema, kazi ya mutu alisoma, hii.

Msichana wa kwanza tulimkataa. Wa pili pia. Wa tatu alitembea kwa shida, na kikwembe kilipofunuliwa kumbe ni nyanya yake Mignonne!

— Miye niko na kosa gani? akauliza.

— Mama, weye tulikutaka zamani, akasema Tata Kabemba. Bazazi bako njo balikatala!

Watu walicheka mpaka kuku wakapiga mabawa. Nilicheka ndani, sura sikuigusa.

Mignonne alitoka. Wimbo wa kuingia, barabara. Sitaandika jinsi alivyokuwa. Sitasahau.

Tata Ntambwe akasimama, akavua kofia.

— Mignonne, mwana wetu. Hii bitu unaiona. Tukishakula, tumekula, hatutarudisha. Unakubali tukule?

— Ndiyo, tata.

Sauti safi. Gracien akainua kidole kimoja, anahesabu.

— Nauliza mara ya pili. Kesho usiseme balikusukuma. Unakubali tukule?

— Ndiyo, tata.

Polepole zaidi. Gracien, kidole cha pili. Mimi natazama mbele.

Sasa, Tata Ntambwe ni msemaji wa kweli, na msemaji wa kweli hapeleki neno la tatu kama mtu anayekimbia treni. Aliwageukia watu. Akafungua mikono.

— Bantu ba Kapata! Munasikia muzuri?

— NDIYOOO!

Niliona kidole cha Gracien kinashuka.

Bwana-arusi hasemi. Hasimami. Nilichoweza kufanya ni kukohoa. Nilikohoa kwa nguvu zangu zote. Gracien aliniangalia, akatabasamu, akanipa ishara ya kichwa: nimeisikia na mimi.

Mpundu ya Mama Angèle ikalipuka kwenye bafle. Na Mama Angèle mwenyewe, aliyekuwa amekaa kwenye mstari wa pili, aliposikia sauti yake akajiitikia! Bamama wote wakaruka. Vumbi! Vikwembe hewani! Katikati pale Mignonne amesimama, mdomo umefunguka kidogo, tayari kwa neno ambalo hakuna aliyemwomba.

Gracien akaona kuna kasoro. Kompyuta ikamuuliza swali la kisanduku kinachofuata. Akadhani inauliza kama asimamishe. Ndiyo! Hapo simu zote za uwanjani zikalia kwa pamoja, mifukoni, mikobani, ndani ya sidiria za bamama. Ya Tata Ntambwe pia. Aliitoa, akaiweka mbali na macho, akasoma kwa sauti:

— "Ndoa imefungwa. Asanteni kwa maombi."

Gracien akang'oa waya. Mbuzi akalia.

— Nani aliifunga? akauliza Tata Ntambwe.

Akairudisha simu mfukoni.

— Niliuliza mutoto mara mbili. Ya tatu sijauliza bado. Nani alijibu ya tatu?

Tata Kabemba akataka kusaidia. Akasema kwa heshima kwamba mashine ilitangulia kidogo tu.

— Bafle njo ilijibu?

— Ni... ndiyo, tata. Bafle.

— Bon. Kama bafle njo ilijibu, mubebe bafle. Muende nayo. Iko muke yenu. Mutoto wetu anabakia.

Tulingoja acheke. Akarudisha kofia kichwani.

Basi tukaibeba. Gracien na binamu wawili. Mama Angèle aliwasimamisha mlangoni akaifunika kikwembe, kwa sababu, alisema, mwanamke haondoki kwao uchi. Niligeuka mara moja. Mignonne alikuwa anaingia ndani, mgongo kwetu, mabega yanatikisika. Mgongo hausemi kama mtu analia ao anacheka.

Gracien nilimuuliza usiku njiani kitu kimoja tu.

— Ulisema ndiyo ya tatu, akanijibu. Haukusema ya nani.

Ni kweli. Sikusema.

Jumatatu, 18 Agosti

Bafle iko sebuleni, imefunikwa kikwembe chenye maua. Kila anayepita anaingia kuisalimia.

— Jambo, bibi ya Mechack.

Mama Angèle ndiye anayejibu kwa niaba yake, kwa sauti nyembamba. Mchana ameiwekea sahani ya bukari mbele. Anasema mgeni hapaswi kulala na njaa. Jirani wa sombe ameuliza kama inajua kupika. Gracien akajibu kwamba haipiki lakini angalau inazimwa.

Nilicheka na mimi. Kisha nikampigia Mignonne. Hakupokea. Nikapiga tena. Hakupokea.

Sikucheka tena.

Alhamisi, 21 Agosti

Tata Kabemba na Mama Angèle wamekwenda kuomba radhi na jogoo mmoja. Wamerudi na majibu. Mali yetu haijaliwa, iko chini ya turubai, mbuzi anaendelea kunenepa. Tata Ntambwe hana hasira. Atauliza upya, zote tatu, Jumamosi ya tarehe 30, kisha anarudi Kasaji, ana mihogo yake. Hatakuja tena. Mtoto asipojibu siku hiyo, tukachukue mbuzi wetu.

Masharti yake: hakuna kompyuta, hakuna bafle, hakuna waya wowote. Simu zote zinaingia kwenye ndoo mlangoni. Na bwana-arusi atakaa nje, nyuma ya ukuta wa jikoni.

Kwa nini nje?

— Juu ya kukohoa kwake, akasema Mama Angèle.

Nikamuuliza Mignonne amesema nini.

— Hakusema kitu. Alileta viti, akapika chayi. Nikamuuliza, binti, Jumamosi ile, siku ya posho, utatujibu muzuri? Akanijibu: "Mama, mutasikia." Vile tu.

Mutasikia! Hilo ni jibu gani?

Jumapili, 24 Agosti

Nimemngojea mlangoni mwa kanisa. Hakunikwepa. Tulitembea kando ya nyumba za kampuni, zote sawa, mlango na dirisha, mlango na dirisha. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kuomba msamaha, kwa mpangilio. Sikufika mbali.

— Unajua dada yangu Stéphanie?

Namjua, shemeji yangu wa Likasi.

— Siku yake, bamama balipiga mpundu ku ndiyo ya pili. Hakukuwa mashine. Furaha tu. Batu bakaanza kucheza, bakakula. Hakuna mutu aliona kama ya tatu hakuisema. Mpaka leo hakuisema. Iko na batoto bane.

Nikamuuliza kama Stéphanie alitaka kusema hapana.

— Hata yeye hajui. Hakupata nafasi ya kujua.

Tukapita nyumba kama tatu.

— Mi nilikuwa nangoya ile ya tatu, Mechack. Tangu niko mudogo. Ni siku moya tu batu bote bananyamaza juu ya kunisikia. Na weye ukaiweka mu kisanduku.

Nikamwambia haikuwa kwenye kisanduku, ilikuwa kwenye maandishi. Nilijua ni ujinga kabla sijamaliza.

— Ulishaandika jibu. Basi kaulize bafle.

Lakini alicheka kidogo, safari hii nina hakika. Nikamuuliza Jumamosi atajibu nini. Kicheko kikaisha.

— Unaona? Unataka tena kujua mbele.

Akaingia kwao.

Ijumaa, 29 Agosti

Sijui kesho itakuwaje. Naandika hivyo kwa sababu nimezoea kuandika nitakachofanya kesho, na kesho sina cha kufanya.

Nimefungua faili. Kwanza niliandika "usiendeshe kamwe" kwenye visanduku vyote. Gracien akauliza sasa vinabaki vya kazi gani. Nikavifuta. Halafu nikafuta zile ndiyo tatu. Palibaki "Mignonne anajibu" na nukta mbili. Nimeangalia hapo kwa muda mrefu. Gracien akasema, ndugu, twende tukakunywe munkoyo, hii karatasi haitakujibu.

Jumamosi, 30 Agosti

Niko nyuma ya ukuta wa jikoni, nimekaa juu ya beseni lililopinduliwa. Mbele yangu mbabula, jiko la makaa, na sufuria ya maharagwe. Nimekuja na daftari kwa sababu mikono haina pa kukaa. Nasikia kila kitu, sioni kitu.

Simu zimeingia kwenye ndoo. Kulikuwa na ugomvi, Gracien alikuwa na mbili. Tata Kabemba amesema vizuri, kwa ufupi. Nyanya ameombwa asifunikwe, amekataa, amefunikwa.

Sasa Tata Ntambwe.

Ya kwanza. — Ndiyo, tata.

Ya pili. Anasimama kidogo. — Ndiyo, tata.

Hakuwageukia watu. Hata mbuzi amenyamaza. Ameuliza ya tatu.

Kimya.

Bado kimya. Maharagwe yanachemka, natamani kuyazima. Mtu amekohoa, si mimi! Kiti kimesogezwa. Watu wananong'ona. Mama Angèle anasema, yo, mama, iko anaenda wapi? Viatu vinakuja. Mlango wa jikoni —

Ni yeye. Amesimama mbele yangu na robe aliyoishona. Ametandika kitambaa juu ya gunia la makaa, amekaa. Ndani Tata Ntambwe anaita: Mignonne! Batu banangoya!

— Bangoye, tata, ya tatu nitarudi kuijibu, anajibu bila kugeuka.

Ananiuliza ninaandika nini. Nimemwambia: haya.

— Na weye? Nani alikuuliza?

Kuniuliza nini?

— Kama unakubali. Nani alikuuliza hata mara moya?

Nimefikiri. Nimepitia ndoa zote nilizohudhuria. Hakuna. Bwana-arusi haulizwi, hakuna mahali pake kwenye programu. Nimemwambia hakuna.

— Basi nakuuliza. Mechack, unakubali?

Nimesema ndiyo.

— Haraka vile? Kama mashine. Nauliza ya pili. Kesho usiseme mpangilio njo ulikusukuma.

Hapo nilimwangalia. Kuna uzi mweupe umebaki begani mwake. Nimefikiria maisha bila kujua kesho atajibu nini, kila siku, mpaka uzee. Nimeogopa kidogo. Nimesema ndiyo, na sauti haikutoka sawasawa.

— Ile njo ndiyo yako mwenyewe, amesema.

Ndani wote wamesogea kwenye dirisha la jikoni. Dirishani namwona Mama Angèle, mdomo wazi, ulimi tayari, na Tata Ntambwe ameuziba mdomo huo kwa kofia yake. Mignonne ameuliza ya tatu. Anasema niweke bic chini kwanza, yeye hajibiwi na mtu anayeandika. Nimemwomba nimalize mstari huu. Amesema hapana.